Kumjua Kaa kwa Ukoo Wake

Vijito vinavyoshuka Matombo kutoka milima ya Uluguru vina kaa, na mtoto yeyote aliyewahi kutumwa maji huko anawafahamu. Unainua jiwe taratibu, maji yanatibuka, yakitulia unamwona amejibanza, magando mbele, rangi yake ni ileile ya tope lililomzunguka. Mshike kwa nyuma ya gamba, mahali gando lisipofika, umgeuze chali. Tumbo lake limekunjwa chini ya kifua. La dume ni jembamba, limechongoka; la jike ni pana na la mviringo, na ukimkuta katika majira yake, ndani ya mkunjo huo mmejaa vitoto vya milimita chache, kila kimoja na magando yake, macho yake na miguu yake yote. Kaa wa maji baridi ndivyo alivyo. Mayai yake hayatoi kiluwiluwi cha kuelea. Yanatoa kaa, mdogo lakini kamili, na mama anawabeba mpaka waweze kujitafutia.

Vijito hivyo huishia katika mto Ruvu, na Ruvu, baada ya kuinywesha Dar es Salaam, inaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, katikati ya mikoko. Huko nako kuna kaa, lakini uzazi wao ni mwingine kabisa. Jike huachia watoto wake majini, nao ni vidudu vyenye miiba na macho makubwa, visivyofanana na mama kwa lolote. Vinachukuliwa na mkondo kwa siku na majuma, vinajivua gamba mara kadhaa, na vile vichache vinavyonusurika hurudi ufukweni vikiwa vimeanza kuwa kaa.

Kwa hesabu ya kawaida, basi, kaa wa mlimani ndiye anayepaswa kuwa wa mahali pamoja, mtu wa bonde lake. Kaa wa baharini ndiye anayepaswa kuwa na ndugu kila bandari, kuanzia Bagamoyo hadi visiwa vya Pasifiki. Hesabu hiyo ilikubalika kwa zaidi ya karne nzima. Waliotuonyesha kwamba bahari nayo ina mabonde yake ni watu wa kazi moja ya subira kubwa, kazi ya kuwaainisha krasteshia wadogo, yaani jamii ya kaa na kamba, na ni kazi hiyo ninayotaka kuisifu hapa, hasa tangu ilipoanza kusoma vinasaba.

Kabla ya vinasaba palikuwa na jicho, na mtu asilidharau jicho. Mwainishaji wa kaa wa enzi za zamani alikaa na darubini, sindano na kibanio, akahesabu meno ya ukingo wa gamba, akafuata mifereji ya mgongoni, akaangalia vinyweleo vya miguu vimeota upande gani. Zaidi ya yote alifunua lile tumbo jembamba la dume na kuchunguza jozi ya viungo vilivyofichwa chini yake, vinavyotumika kupitisha mbegu. Kwa kaa wengi viungo hivyo ndivyo vinavyotofautisha spishi kuliko gamba lote la juu: ncha imepinda wapi, ina mdomo wa namna gani, ina manyoya au haina. Kiungo cha milimita kadhaa kilichorwa kwa kalamu, mstari kwa mstari, mara nyingi kutokana na mnyama aliyekufa zamani na kupauka ndani ya chupa. Mfaransa Henri Milne Edwards, mwaka 1837, alimpa jina annulipes kaa mdogo wa matopeni ambaye dume wake ana gando moja kubwa la kupungia. Mholanzi de Man, mwaka 1887, alimpa jina meinerti kaa mwingine wa mikokoni, yule anayechimba shimo upande wa nchi kavu, kwenye michu, na kuburuta majani kuyaingiza shimoni. Majina hayo yalidumu, na spishi hizo mbili zikahesabiwa kuwa zimeenea Bahari ya Hindi yote na kuipita.

Ila jicho lina mahali linapokwama. Wale vidudu wenye miiba wanaoelea walidhaniwa kuwa wanyama wa peke yao. Bosc, mwanasayansi wa Ufaransa, aliwapa hata jenasi yao mwaka 1802, akaiita Zoea. Ilibidi daktari wa jeshi aliyekaa Ireland, John Vaughan Thompson, awafuge katika miaka ya 1820 na kuwatazama wakijivua gamba ndipo ijulikane kwamba hao ni watoto wa kaa. Mwaka 1828 akaelezwa kidubwana mwingine wa baharini, mwenye mapembe na gamba la ajabu, wa kupatikana zaidi tumboni mwa jodari na samaki wengine wakubwa kuliko ndani ya nyavu. Akaitwa Cerataspis monstrosa. Kwa miaka 184 hakuna aliyejua wazazi wake. Mwaka 2012 Heather Bracken-Grissom na wenzake walisoma jeni zake, wakazilinganisha na za kamba wa kila aina, zikaangukia mahali pamoja na kamba mmoja mkubwa wa kilindini ambaye wanasayansi walikuwa wakimfahamu siku zote kwa jina jingine. Mtoto na mzazi walikuwa wamehifadhiwa kwenye makabati, wala hapakuwa na mtu ambaye angeweza kuwaunganisha kwa kuwatazama, kwa sababu hakuna sehemu ya mwili wanayofanana.

Kazi yenyewe ya vinasaba inaanza matopeni. Kaa wanaotunzwa katika formalini mara nyingi hawasomeki, maana dawa hiyo inaharibu vinasaba, kwa hiyo hazina kubwa ya makumbusho ya Ulaya haitoshi. Lazima mtu avue viatu, maji yakiwa yamekupwa, aingie mikokoni na kuwakamata wapya. Kaa anatiwa katika spiriti kali. Kisha, maabara, mguu mmoja wa kutembelea unakatwa na kipande cha nyama kisichozidi punje ya mchele kinatolewa ndani yake. Nyama inasagwa na kuyeyushwa kwa kimeng'enya, uchafu unaoshwa, na kinachobaki ni tone la maji maangavu ambalo kwa macho halina kitu. Tone hilo linaingizwa katika mashine inayopandisha joto hadi nyuzi 95 ili nyuzinyuzi mbili za kinasaba ziachane, inalishusha hadi kama 50 ili vianzishi, vipande vifupi vya kinasaba vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, vishike pale vinapotakiwa, halafu inalipandisha hadi 72 ili nakala mpya ijengwe. Mzunguko huo ukirudiwa mara 35 hivi, sehemu moja ya jeni iliyokuwa imepotea katikati ya mabilioni ya herufi inakuwa imejaa bomba zima. Sehemu inayotumika zaidi kwa wanyama ina herufi kama 650. Zinasomwa, zinapangwa safu juu ya safu, kaa wa Kenya juu ya kaa wa Madagaska juu ya kaa wa Australia, na mtafiti anateremsha macho taratibu akitafuta mahali A imekuwa G, au C imekuwa T.

Sehemu hiyo ya jeni haitoki kwenye kiini cha seli. Imo katika mitokondria, na mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Mluguru hahitaji somo refu hapa. Uluguruni ukoo unahesabiwa kwa mama: mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya ukoo imefuata njia hiyo kwa vizazi. Anayesoma jeni ya mitokondria anafanya hesabu ileile, anampandisha kaa kwa mama yake, na bibi mzaa mama, na mama wa bibi, hadi afike kwa bibi mmoja ambaye kaa wawili wa pwani mbalimbali wanamchangia. Kadiri herufi zinazotofautiana zilivyo nyingi, ndivyo bibi huyo alivyo mbali.

Hivyo ndivyo walivyofanyiwa wale kaa wa michuni walioitwa meinerti. Lapo Ragionieri na Sara Fratini wa Florence, pamoja na Christoph Schubart wa Regensburg, waliwakusanya kutoka pande zote za bahari. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha koo nne ambazo hazichanganyiki: moja ya pwani ya bara la Afrika Mashariki, moja ya visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, moja ya Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki ya magharibi, na moja ya Australia. Mtu wa papara angeishia hapo, akatoa majina na kwenda zake. Wao walirudi kwa kaa wenyewe. Walipima magamba, wakatazama upya magando na viungo vile vilivyofichwa chini ya tumbo la dume, na tofauti walizikuta. Ndogo, lakini zipo, na zilikuwepo miaka yote. Mwaka 2012 ndipo walipotangaza spishi tatu mpya, na yule wa kwetu, mwenye magando mekundu, wakamwita Neosarmatium africanum. Jina meinerti likabaki kwa wale wa visiwani.

Mwaka 2016 ikawa zamu ya kaa mdogo wa gando moja. Reza Naderloo wa Iran, Schubart yuleyule, na Hsi-Te Shih wa Taiwan walionyesha, kwa jeni na kwa maumbile, kwamba yule wa Afrika Mashariki aliyekuwa akiitwa annulipes tangu zama za babu zetu si annulipes. Ni spishi yake, nao wakampa jina occidentalis, wa magharibi. Mwaka huohuo jenasi kubwa ya Uca, iliyokuwa imewakusanya kaa wote wa namna hiyo duniani, ilipanguliwa ikawa jenasi 11, na wa kwetu leo anaitwa Austruca occidentalis. Madume hao walikuwa wakipungia wake zao kwenye matope ya pwani hii vizazi na vizazi chini ya jina la jamaa zao wa mbali.

Kuna wanaosikitika kwamba mashine imeua kazi ya jicho. Mimi naona kinyume. Vinasaba havikumwambia mtu yeyote kaa anafananaje. Vilimwambia arudi akatazame. Bila herufi zile nani angekuwa na subira ya kuwapima upya kaa ambao mabingwa watatu au wanne waliotangulia walishawaita kitu kimoja? Na bila ile subira ya kupima, herufi zingebaki mchoro wa matawi kwenye karatasi, usiomsaidia mvuvi wala ofisa misitu anayesimama mikokoni bila maabara. Kwenye kazi hizi bora, jeni na jicho vinapelekana: moja linauliza, lingine linajibu, kisha linauliza lake. Uzuri wa ufundi huu ninauona hapo, kuliko katika wingi wa majina mapya.

Tena vinasaba havigawi tu. Kule Ziwa Tanganyika kuna kaa wasiopatikana mahali pengine duniani, jenasi ya Platythelphusa. Wengine wana magando mazito ya kupasulia konokono, wengine ni wadogo bapa wa kujificha chini ya mawe. Walionekana wa ajabu kiasi cha kupewa familia yao peke yao, na wengi waliamini kwamba ni masalia ya kale mno. Mwaka 2006 Saskia Marijnissen na wenzake walisoma jeni zao wakakuta wamezaliwa ndani ya kundi la Potamonautes, kaa wa kawaida wa mito ya Afrika, jenasi ileile ya wale wa vijito vya Uluguru, na kwamba kuachana kwao si kwa zamani sana, miaka milioni 3 hivi, wakati ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka kati ya milioni 9 na 12. Kaa wa Kigoma na kaa wa Matombo, basi, ni ndugu wa karibu kuliko gamba linavyoonyesha. Aliyezoea kudhani kwamba jeni ni kisu cha kuongeza spishi na aitazame kazi hii.

Na jeni nazo hudanganya, jambo ambalo wenye ufundi huu wanalijua na hawalifichi. Vipande vya jeni ya mitokondria huweza kunakiliwa vikaingia kwenye kiini cha seli, vikakaa humo bila kazi, vikibadilika kwa njia yao. Mashine haibagui: ikikinakili kipande hicho badala ya jeni halisi, mtafiti atapata herufi ngeni na kushangilia spishi ambayo haipo. Mwaka 2008 Hojun Song na wenzake walilionyesha hilo kwa panzi na kwa kamba wa maji baridi wa Marekani, ambapo idadi ya spishi ilivimba kwa sababu ya nakala hizo tu. Dawa ni kuwa mwangalifu herufi kwa herufi, maana nakala mfu mara nyingi hujifichua kwa alama ya kusimamisha protini katikati ya jeni, mahali ambapo mnyama hai asingeweza kuivumilia. Dawa nyingine ni kuuliza upande wa baba. Mluguru ni wa ukoo wa mama, lakini upande wa baba haujasahauliwa. Vivyo hivyo mwainishaji makini anasoma pia jeni za kiini, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, kabla hajasema neno la mwisho. Ukoo wa mama peke yake unaweza kukuonyesha koo mbili mahali ambapo watoto bado wanaoana.

Njia hiyo ya jeni nyingi imepita hata juu ya vichwa vyetu Uluguruni. Yuko ndege mdogo wa msituni, Scepomycter winifredae, ambaye Reginald Moreau alimweleza kutoka Uluguru mwaka 1938 na kumpa jina la mkewe, Winifred. Wale waliopatikana milima ya Rubeho na Ukaguru walihesabiwa kuwa ndio haohao, hadi mwaka 2009 Rauri Bowie, Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliposoma jeni zao na kuwatenga. Ghafla spishi moja yenye makazi matatu ikawa mbili, kila moja na msitu mdogo zaidi wa kuishi.

Hilo la mwisho lina uzito. Kaa wa mikokoni aliyedhaniwa kuenea kutoka Afrika hadi Australia hamtii mtu wasiwasi. Mikoko ikikatwa mahali pamoja, yupo kwingine. Ukishajua kwamba africanum ni wa pwani hii ya Afrika tu, mikoko ya delta ya Ruvu inakuwa mali ambayo haina akiba mahali pengine, na yeye ndiye anayeyaingiza majani shimoni yasichukuliwe yote na maji. Karibu na Matombo upo msitu wa Kimboza, makazi ya mjusi mdogo wa bluu, Lygodactylus williamsi, ambaye Loveridge alimtambulisha mwaka 1952. Alipoanza kukamatwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo kama mnyama wa kufugwa ndani, ilikuwapo spishi yenye jina na mipaka inayojulikana, na mwaka 2016 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Mjusi asiye na jina asingeweza kuandikwa kwenye orodha hiyo.

Afya nayo imo. Kenya ilihangaika miaka mingi na nzi wanaoeneza usubi, ugonjwa unaopofusha, kwa sababu funza wa nzi aina ya Simulium neavei hawakuonekana kwenye mawe wala majani ya mtoni, mahali ambapo jamaa zao hukaa. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza walikowakuta: wameng'ang'ania magamba ya kaa wa mtoni. Kuanzia hapo, kujua ni kaa gani anaishi kijito gani kukawa sehemu ya kupambana na upofu. Katika Usambara pia wapo nzi wa kundi hilo wanaobebwa na kaa. Sasa, kama kaa tunaowaita spishi moja ni wawili au watatu, je, nzi anawapanda wote au anachagua? Swali hilo huwezi kulijibu kwa darubini peke yake.

Ndiyo maana ningependa kazi hii ifanywe kwa urefu wa Ruvu, na ifanywe na vijana wa hapa. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini, chini ya milima yenyewe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja, ng'ambo tu ya Bagamoyo. Mwanafunzi akipanda gari la barabara ya Bigwa hadi Kisaki, ashuke Matombo, apande kijito kimoja baada ya kingine, kisha afuate mto hadi michuni. Kila mahali achukue kaa wachache, si wengi. Mguu mmoja uende maabara, mwili uliobaki uhifadhiwe nchini, na namba ya mwili iwe ndiyo namba ya herufi zitakazosomwa, ili atakayekuja baadaye na kutilia shaka aweze kufungua chupa na kumgeuza kaa chali yeye mwenyewe. Lebo iingie ndani ya chupa pamoja na kaa: tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari, jina la aliyemkamata, na jina la kijito kama wenyeji wa hapo wanavyokiita. Iandikwe kwa penseli, maana spiriti hufuta wino.